Mtungi Nyuma ya Ukuta Wetu

Tulimwita Fundi. Jina alikuwa nalo, tena zuri la ubatizo, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia isipokuwa karani wa kanisa akisoma orodha ya wazee wa zamu, na hata hapo watu waligeuka kuangalia ni nani huyo. Kwetu sote alikuwa Fundi. Mimi aliniita "mtu wa jikoni", na hakunionea. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi moja kwa moja kwa ng'ombe na chai ya baba yangu, na tangu siku hiyo mahali pa mbali ninapopenda kwenda ni kituo cha kupimia majani, ambacho nakiona kutoka dirishani. Mke wangu husema Mungu aliniumba na mizizi, akasahau matawi.

Tena mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana shujaa mahali fulani huko mbele kwa bahati mbaya. Naogopa radi, naogopa mbwa wa watu, naogopa jiko la mafuta likianza kupiga chafya. Sasa mtu kama huyo ndiye Mungu alimpa stoo ya mabati iliyoshikana na nyumba, na ndani ya stoo hiyo akaja Fundi na mitungi yake.

Kazi yake ilikuwa shoki za magari. Si injini, si breki, si kupiga rangi. Ukimletea gari linalotoa moshi mweusi alikwambia, "Hiyo peleka kwa daktari mwingine. Mimi ni wa magoti." Shoki kweli ni magoti ya gari, ile mirija ya chuma yenye oili ndani inayozuia gari lisirukeruke, na kwa barabara zetu za miaka ya tisini, kutoka Kericho hadi huku kwetu upande wa Bomet, mvua ikinyesha kila siku saa nane kama mtu aliyeajiriwa, hakukuwa na gari lenye magoti mazima.

Miaka hiyo ndipo magari yaliyotumika kule Japani yalianza kujaa, na mengi yalikuja na shoki za gesi. Zikifa, watu walizitupa. Fundi aliziokota. Alizipasua, akazichungulia kama mtu anayesoma barua ya mwingine, na akaamua kwamba kinachotolewa ndani kinaweza kurudishwa. Nilipomuuliza gesi ni ya nini, alichukua kibuyu cha maziwa mezani kwangu akakitingisha.

"Umesikia? Povu. Oili nayo ni hivyo hivyo. Gari likipiga mashimo, oili inakuwa povu, na povu haiwezi kushika kitu. Sasa unaikalia juu na naitrojeni. Inatulia, kama mtoto aliyepakatwa na nyanya yake."

"Na kwa nini usiweke upepo wa kawaida?"

"Upepo una maji na una oksijeni. Oksijeni na oili ya moto si marafiki. Wewe ulisoma kemia, mimi ndio nakufundisha?"

Nilikuwa nimepata D ya kemia.

Vifaa vyake vyote alijitengenezea. Mtungi mkubwa wa naitrojeni aliazima kwa fundi wa friji mjini Kericho, na huo aliuita Mama. Mdogo ulikuwa mtungi wa zamani wa kuzimia moto, aliousugua ndani mpaka ukang'aa, na huo aliuita Ndama. Ile saa ya kupimia nguvu ya gesi ilitoka kwa mashine ya kupozea maziwa, mpira ulikuwa wa breki za lori, na midomo ya kuingizia gesi ilikatwa kwa tyubu za magurudumu. Kuhamisha gesi kutoka kwa Mama hadi kwa Ndama aliita kunyonyesha. "Leo usipige kelele huko jikoni," angenigongea ukutani, "nanyonyesha."

Mimi hapo nilikuwa tayari nimeshafika kwa ng'ombe, upande wa pili wa boma.

Kwa muda mrefu nilidhani mtu anayeshika vitu vya hatari ni mtu jasiri. Siku ya kwanza nilipojilazimisha kusimama mlangoni nimtazame, niliona kitu kingine. Alivua kofia akaitundika kwenye msumari. Akainamisha kichwa akasema sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia: "Bwana, isiwe leo." Halafu akafungua koki robo ya robo, akasimama, akasikiliza, akafungua robo nyingine. Jasho lilikuwa linamtoka, na nje kulikuwa na baridi ya kuvaa makoti mawili.

"Fundi, kumbe unaogopa?"

"Sasa? Kwani wewe uliona mimi ni wa mbao?"

Baada ya siku hiyo akaanza kuniita. Alikuwa akipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kuona kama gesi inavuja, lakini hakuyaamini macho yake peke yake. "Njoo na masikio yako ya sungura," alisema, nami nilienda, nikasikiliza. Nikisema nasikia kitu, hata kama ni nyuki, alifunga kila kitu akaanza upya. Hakunicheka hata mara moja. Ni yeye mtu wa kwanza kunifanya nione kwamba woga wangu una kazi. Kijana mmoja dereva, jasiri sana, aliwahi kuugonga Ndama kwa spana akicheka, kung'ung', kuonyesha watu kwamba ni chuma tu. Fundi alimrudishia shoki zake bila kuzigusa. "Nenda kwa mtu mwingine. Mimi nafanya kazi na watu wanaotaka kufika nyumbani."

Kupanda gari hakupanda. Alitembea kwa miguu mpaka Sotik na kurudi, na magari aliyoyatengeneza yakimpita yanapiga honi. "Nimeona ndani yake," alisema. Alihubiri dhidi ya haraka, lakini chakula alikula amesimama. Uongo aliuchukia kiasi cha kumwambia mke wangu, mbele ya wageni, kwamba chapati zake zinafaa kuzibia mabati. Mke wangu alimpenda hivyo hivyo. Alisema afadhali mzee anayesema chapati ni ngumu kuliko mume anayezila kimya halafu anampa mbwa.

Lakini msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Kitu kikijaa lazima kiwe na mahali pa kushindwa. Usipokiwekea, kitajichagulia chenyewe."

Kwenye shingo ya Ndama aliweka nati yenye tundu, na nyuma ya nati kipande cha shaba chembamba kama karatasi, alichokikata kwenye rejeta ya zamani. Hapo ndipo mahali pa kushindwa. Gesi ikizidi, ile shaba ipasuke kwanza, mtungi ubaki mzima. Aliuita mlango. Na alikuwa na mlango hata kwa watu. Kwenye mikutano ya kanisa aliwaacha kina mama na wazee wamfokee mpaka wachoke, yeye amekaa tu. Nilipomuuliza kwa nini hajibu, akasema, "Wakinifokea mimi hapa, nyumbani watakula vizuri."

Sasa ule mlango ulitazama uani. Uani ndipo kilipokaa kiti changu, kiti cha miguu mitatu, ambacho nakikalia tangu nizaliwe nafikiri. Kila nikikaa nilihisi ile nati inaniangalia. Nikakosa usingizi. Mwishowe nikamwendea.

"Fundi, si ungegeuza kile kitu kitazame upande mwingine?"

Aliupima ukuta kwa macho. "Nikigeuza, kitatazama ukuta wa nyumba yako. Huo ni udongo na mbao tu. Nyuma yake kuna nini?"

"Mahindi. Ni chumba cha mahindi."

"Mahindi tu?"

"Mahindi tu."

Akafungua mnyororo uliofunga Ndama kwenye nguzo, akaugeuza, akaufunga tena. Nikarudi kwa kiti changu nikalala mchana kama mtoto.

Hilo lilikuwa kabla ya mvua. Mvua ilipoanza, mke wangu akajifungua msichana, Chela, na wanawake waliokuja kumwangalia wakasema chumba chetu kina baridi, mzazi ahamie kile kinachopakana na jiko. Wakatoa mahindi, wakaingiza kitanda. Kwetu chumba cha mzazi ni cha wanawake. Mwanamume haingii, wala haulizi amelala wapi, ni aibu hata kuangalia upande huo. Hata mimi mwenye mtoto nilikuwa nalala kwa godoro karibu na meza, naletewa habari kama jirani. Fundi alileta kuku wa pongezi, akamkabidhi mwanamke mlangoni, akaondoka bila kuuliza neno. Alifanya vile mtu mwenye heshima hufanya. Na mimi niliyejua kila kitu, niliyejua ukuta na nati na kitanda, sikuviunganisha kichwani. Niliogopa radi wiki nzima hiyo.

Mtoto alikuwa na siku tisa.

Mvua ilikuwa imekata barabara ya Kericho na Mama alikuwa mtupu. Kwenye karakana palikuwa na shoki mbili za gari la zahanati lililokuwa likibeba wagonjwa kupeleka hospitali ya Longisa, na gari lenyewe lilikuwa limekaa juu ya mawe siku ya tatu. Kila asubuhi mtu alitumwa kuuliza. Fundi hakulala vizuri, nilimsikia akikohoa ukutani.

Adhuhuri ile akafika daktari wa ng'ombe, yule wa kupandisha kwa sindano, ambaye watoto humwita Fahali wa Pikipiki. Ng'ombe wangu alikuwa kwenye joto. Alishusha flaski yake, ile ya chuma yenye shingo nyembamba inayoweka mbegu zisiharibike, akaifungua, na ule moshi mweupe wa baridi ukamwagika hadi miguuni mwetu. Wafugaji wote huku wameuona. Fundi naye alikuwa ameuona mara mia. Lakini siku hiyo aliuangalia kama mtu aliyefunga anavyoangalia sufuria ya wenzake.

"Daktari, hiyo si ni naitrojeni?"

"Ni yenyewe, mzee. Ya maji maji."

"Nigawie kikombe kimoja."

Daktari akacheka, halafu akaona mzee hacheki. "Mzee, hii haifungiwi. Ona kifuniko changu, kimekaa tu juu. Lazima ipumue."

"Kikombe kimoja kwa mtungi mzima vile? Ni kama kumwaga kikombe cha maziwa ndani ya debe. Itapumulia humo humo."

Nataka mnielewe hapa. Huyu ndiye mtu aliyefungua koki robo ya robo. Lakini alikuwa mtu wa maziwa kama sisi wote, na maziwa ukiyahamisha hubaki vile yalivyokuwa, kikombe ni kikombe. Kwamba kikombe kile kikipata joto kingetaka nafasi ya mapipa mazima, hilo lilikuwa kwenye kitabu changu cha kemia, ukurasa ambao nafikiri nilichorea ng'ombe. Niliogopa. Nilisema moyoni, Fundi hakosei.

Akavua kofia. Akasema, "Bwana, isiwe leo." Akamimina ndani ya Ndama, akafunga.

Tulisimama watatu kuangalia ile saa. Mkono wake ukapanda polepole, na Fundi akatabasamu. Ukafika pale ulipokuwa ukisimama siku zote. Haukusimama. Alishika koki aifungue kupunguza, na koki haikugeuka. Ilikuwa imekuwa nyeupe, imeota barafu kama nyasi za Julai. Akaiminya kwa mikono miwili. Mtungi ukaanza kulia, sauti nyembamba, kama mbu, halafu kama mtoto.

"Tokeni!" akasema.

Mimi nilikuwa nimeshatoka.

Nilikimbia nimefumba macho. Najua ilikuwa ndani ya chai kwa sababu matawi yalinichana mapaja. Nilikimbia kama mtu asiye na mke, asiye na mtoto, asiye na hata jina. Kisha miguu ikasimama yenyewe, na kichwani, vitu vile vitatu vikaungana: nati, ukuta, kitanda. Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo na ninavyokumbuka mimi hakikutoka kitu. Miguu ilikataa kurudi. Niliiambia irudi, ikakataa.

Nilipofumbua macho, daktari alikuwa chini ya miti ya mkaratusi amekumbatia flaski yake, na Fundi alikuwa anaingia karakana.

Sikuona alichofanya ndani, nilikuja kuelezwa na mikono yake. Alifungua mnyororo, akaukumbatia Ndama pale shingoni penye barafu, akaugeuza utazame uani. Halafu ule mlango wake ukapasuka. Haikuwa bomu. Ilikuwa mlio mmoja wa kupasua masikio na mvumo mrefu, na moshi mweupe ukajaza ua wote. Ile shaba ilishindwa kama alivyoipangia, ila nati nayo iling'oka. Baadaye tuliikuta upande wa pili wa boma. Ilikuwa imepitia katikati ya kiti changu.

Mke wangu akatoka katika kile chumba kupitia jikoni, mtoto kifuani, amekasirika. "Nani ameangusha madebe? Ndio kwanza alikuwa amelala!"

Fundi alitoka kwenye moshi akitembea wima, mikono ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba trei. Ngozi ya vidole viwili vya kushoto ilikuwa imebaki kwenye chuma. Mke wangu akaangalia huku na huku. "Baba Chela yuko wapi?"

Na yule mzee ambaye hakuweza kudanganya hata kuhusu chapati akamjibu mara moja: "Nimemtuma kuita watu. Amekimbia vizuri sana."

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilinishukuru. Nilisimama nikashukuriwa. Nimewahi kuogopa vitu vingi, lakini kusimama pale, watu wakinipigia makofi na yeye amekaa kwenye benchi la wazee na bandeji kama boga, akipiga makofi kwa kiganja kimoja juu ya goti, sijui kama kuna siku nimeogopa hivyo. Vile vidole viwili havikupona. Vilikatwa. Alifunga karakana, Mama akarudishwa kwa mwenyewe, Ndama ukazikwa na yeye mwenyewe nyuma ya choo, na kabla ya mwaka kuisha akahamia Mulot kwa mwanawe anayelima ngano. Tuliagana mlangoni. Alinipa mkono wa kulia, akaenda.

Chela alipofika miaka minane akarudi shuleni siku moja akiniambia mwalimu amewaomba waandike juu ya baba zao, na yeye ameandika vile baba yake alikimbia kuita watu. Alipata nyota. Asubuhi nikamwambia mke wangu, "Nakwenda Mulot."

"Wewe? Mulot? Ya wapi?"

Nilibeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyochachuka, nikamshika mtoto mkono, tukapanda pikapu ya kupeleka vitunguu. Safari siwezi kuisimulia, niliipita nimefumba macho.

Tulimkuta ameketi nje ya ghala, nywele zimekuwa nyeupe kabisa, anapukuchua hindi kwa mkono wenye vidole vitatu. Aliniangalia kwa muda mrefu.

"Mtu wa jikoni! Nani amekung'oa?"

Akampa Chela kiganja aamkue. "Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Amekuwa mrefu. Vidole viwili tu, na ona urefu huu." Akacheka mwenyewe.

Mtoto alipoenda kuangalia mbuzi, nikasema yote. Nilisema haraka, nikiangalia viatu vyangu. Kwamba alinifichia aibu miaka minane, kwamba nilikimbia nikaacha mke na mtoto, kwamba siwezi tena kumwona yule msichana akijivunia. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wale wa kanisani, mpaka nikaisha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Sasa sikiza. Wewe ulikimbia umefumba macho, ndio maana hukuniona. Mimi nilikuwa mbele yako."

Sikuelewa.

"Mimi ndiye nilikuwa karibu na mlango wa karakana. Nilisema tokeni nikiwa nimeshatoka. Nilipita chai yote nikafika barabarani. Hukunipita, mimi nina miguu mirefu. Na ningeendelea mpaka Sotik, nakwambia ukweli wa Mungu. Nyuma ya ukuta si kulikuwa na mahindi?" Akapukuchua punje mbili. "Halafu nikasikia wewe."

"Mimi? Sauti haikutoka."

"Ilitoka. Kama ya mbuzi, lakini ilitoka. 'Ukuta! Ukuta!' Nikajiambia, mahindi hayamlizi mtu hivyo. Hapo ndipo nikajua pale pana mtu, na nikajua ni nani." Akaweka hindi chini. "Usijipongeze. Ulikimbia. Mimi pia. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na sauti na mwingine alikuwa na miguu. Nilimwambia mama yake ulienda kuita watu. Si uliniita?"

Chela alikuwa amerudi, amechoka na mbuzi, anataka kumpimia babu maziwa. Akapakata kibuyu magotini. Mursik ile ilikuwa imetingishwa na pikapu kutoka kwetu hadi Mulot, na kifuniko nilikuwa nimekikaza mwenyewe asubuhi, kwa woga isimwagike.

Alikigusa kifuniko tu. Kikalia, sauti nyembamba, kama mbu, kisha *pwaa!* kikaruka juu ya ghala.

Niliposhtuka nilikuwa nimeshafika kwenye ua wa miiba, napumua kama ng'ombe. Fundi naye alikuwa ameruka, amesimama nyuma ya mlango wa ghala ameshikilia kofia, na mursik inatiririka polepole pale tulipokuwa tumekaa. Tukaangaliana. Akaanza kucheka mpaka machozi, akaninyooshea ule mkono wa vidole vitatu.

"Ona mikono yako," akasema.

Nikaangalia. Chela alikuwa humo, miguu inaning'inia, kiatu kimoja kimebaki kule kwenye maziwa, akinipiga kifuani na kuuliza, "Baba, kwani umenibeba kwa nini?"